Mwizi Aliyepiga Hodi

Mwezi uliopita nilikamatwa na polisi msibani. Nilikuwa Iringa, uani kwa marehemu Mzee Nassoro, nimeinama kwenye sufuria la wali wa hitima, namfokea kijana mmoja aliyesukumia kuni mbichi mpaka wote tukawa tunatoa machozi ambayo marehemu hakuyaomba. Sauti yangu mimi haijawahi kuwa ya kike wala ya kiume, iko katikati hapo, kama mlango wa bati unaoburutwa. Basi nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Komeo?" Nikageuka. Afande mzima, kitambi, nyota begani, kofia kaivua kwa heshima ya msiba. "Mungu wangu, ni Komeo! Mama, uko chini ya ulinzi!" Halafu akakumbuka yuko wapi, akajiziba mdomo na ile kofia, mabega yanamtikisika. Wanawake wageni waliokuwa wanamenya vitunguu wakasimamisha visu. Ikabidi nijieleze hapo hapo, mwiko mkononi, kwamba sijawahi kufungwa, kwamba nilikuwa mwizi kwenye katuni ya watoto tu, mwaka mmoja, na kwamba hata humo kwenye katuni sikufanikiwa kuiba kitu chochote cha maana.

Wakati najitetea akapita Twaha, amebeba mfuko wa sukari begani, anakohoa mara mbili na kusema hodi apishwe. Twaha ni mkwe wa nyumba ile, kamuoa Rukia, binti mkubwa wa marehemu, na siku hizi ana upara na miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, maana yule mzee walipendana naye kweli. Afande akaitambua sauti, akamnyooshea kidole, maneno hayatoki. Twaha akaniangalia, mimi nikamwangalia, tukaachana haraka, yeye stoo, mimi kwenye moshi, kwa sababu tungeanza kucheka pale hakuna ambaye angetuzuia. Wa kutuzuia ndiyo kwanza tumemzika.

Habari za kwetu nitaziruka. Watu wa kwetu ni wengi na wote wanajua kusoma, watanishtaki. Itoshe kwamba nilikuwa msichana wa Mbeya, jina Tusekile, na kwamba niliacha shule kidato cha pili, au niseme shule iliniacha, maana mimi nilikuwa bado nimekaa. Nikapata kazi ya kupika Iringa, kwa Kaka Edo, kijana wa Kihehe mrefu kama nguzo ya simu, aliyekuwa anachora katuni kwa kompyuta kwenye nyumba ya kupanga pale Kihesa. Ulikuwa mwaka wa simu za batani na sidii. Kaka Edo alikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikaa kompyuta, imefunikwa kanga mpya kama bibi harusi, na mtu yeyote aliyeingia na kikombe cha chai alifukuzwa kabla hajamaliza kamwene, salamu ya Kihehe. Kingine ndicho walichokiita studio. Walikuwa wamesimamisha magodoro ukutani, wakapigilia mablanketi juu ya dirisha, katikati wakaning'iniza maiki kwa kamba ya katani. Nje ni Iringa ya mwezi wa sita, ukitema mate unaona moshi, humo ndani watu wanatoka jasho kama wako Kyela. Mvua ikinyesha kazi inasimama, kwa ajili ya bati. Jogoo wa jirani akiwika kazi inasimama. Mama wa nyumba ya nyuma akianza kutwanga kazi inasimama, Kaka Edo anatoka mwenyewe kwenda kumbembeleza, na akirudi anakuta jogoo.

Jiko langu lilikuwa uani, limeegemea ukuta wa studio, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Kaka Edo alikuwa anatengeneza vipande vya katuni vya wezi wawili, Komeo na Kufuli. Komeo mnene, mjinga. Kufuli mwembamba, mjinga pia ila anajiona ana akili, ndiye mwenye mipango. Kila kipande wanakwenda kuiba kwa bibi mmoja anaitwa Bibi Sikujua, na kila kipande wanarudi mikono mitupu, au wanarudi wamemwachia kitu chao. Kuna siku walitoboa ukuta kutwa nzima, walipomaliza wakajikuta wametokea barabarani, kumbe walikuwa wameshaingia ndani zamani, mlango haukufungwa. Kuna siku walichimba handaki la kwenda benki, wakatokea chooni kituo cha polisi, polisi akiwa ndani humo humo. Kuna siku walijifanya waalikwa harusini ili waibe zawadi, wakakabidhiwa masufuria ya kuosha, na walivyoosha vizuri wakaalikwa na harusi ya wiki ijayo. Mimi nikikoroga maharage nasikia hayo, nacheka, ugali unashika chini. Kaka Edo alikula ugali wenye ukoko mwaka mzima na hakulalamika hata siku moja, alikuwa anakula kalamu ya risasi iko sikioni, macho yako ukutani, ukimwekea jiwe atatafuna.

Nilivyoingia kwenye wizi ilikuwa hivi. Mwenye sauti ya Komeo alikuwa mtu mmoja wa maigizo, fundi kweli, lakini ulikuwa msimu wa ulanzi na pombe ile ya mianzi ilimshinda. Siku hiyo akaja hawezi kusimama mbele ya maiki, akalazwa kwenye godoro moja la ukutani, studio ikabaki na godoro pungufu. Kaka Edo akaniita. "Dada Tuse, njoo usimame hapa unisomee tu maneno ya Komeo, Twaha apate wa kujibizana naye. Haturekodi, usiogope." Nikafuta mikono, nikashika karatasi. Sasa mimi kusoma kwangu wakati ule kulikuwa kwa kidole. Naweka kidole chini ya neno, nalisukuma silabi moja moja kama mtu anapandisha gunia mlimani. "Ku-fu-li. Ha-pa. Pa-na. M-bwa." Naendelea. "Na-a-mi-ni. A-na. Ni. Pe-nda." Nikainua macho, Kaka Edo kakaa chini, kashika tumbo. Twaha kageukia godoro, uso kauficha. Nikajua nimeharibu. "Basi mimi narudi jikoni," nikasema, machozi yako karibu. Kaka Edo akapiga kelele, "Usitoke humu! Usitoke! Huyo ndiye Komeo!" Kumbe alikuwa amerekodi.

Kwa hiyo ukisikia mtoto wa nyanda za juu wa miaka ile anaongea polepole kama mjinga ili achekeshe wenzake, ujue huyo anaigiza kiwango changu cha elimu. Sijawahi kuona haya kwa jambo hilo, maana wangapi waliofika chuo kikuu usomaji wao unaigwa? Tabu ilikuja baadaye, baada ya miezi kadhaa. Kusoma karatasi kila siku kulinitoa kutu, nikaanza kwenda na sentensi nzima bila kituo. Kaka Edo akasimamisha kazi, akavua vile vitu vya masikioni. "Dada Tuse, umefanya nini?" "Nimefanya nini?" "Umesoma vizuri." "Asante." "Usinishukuru, unaniharibia mwizi!" Nikakatazwa kushika karatasi kabla ya kurekodi. Nadhani ni mimi peke yangu nchi hii niliyewahi kugombezwa na bosi kwa kujua kusoma.

Kufuli ndiye alikuwa Twaha. Mchana aliuza kanga na vitenge kwenye duka la mjomba wake pale Miyomboni, jioni anakuja kwetu. Watu wao walitoka pwani zamani za mababu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi wengine tunaongea, "mimi nilikuwaga naendaga," yeye anasema, "tafadhali dada, ukinijalia maji nitashukuru." Mtu anaomba maji ya kunywa unaona kama umepewa cheo. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Siyo hodi ya kwetu, ile unaisema ukiwa umeshakaa. Anasimama pembeni ya mlango, siyo katikati, asije akaona ndani. Anakohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha adabu, halafu, "Hodi wenyewe," ile ya mwisho anaivuta kama anavyokunjua kitambaa mbele ya mteja. Asipojibiwa anasubiri, anarudia. Mara tatu. Ya tatu ikipita kimya anaondoka, hata kama mlango uko wazi na amekuona umelala kwenye kochi. Ndivyo walivyofundishwa chuoni, chuo cha Kurani, tangu watoto. Mara ngapi Kaka Edo ana vile vitu masikioni, mimi niko sokoni, Twaha kapiga hodi zake tatu kaenda zake, kazi ya siku imelala!

Sasa siku ya kwanza kabisa ya Kufuli, karatasi inasema, Kufuli anasukuma mlango, anaingia kwa Bibi Sikujua. Nilikuwa jikoni bado siku hizo, nasikia kupitia ukutani. "Ingia," anasema Kaka Edo. "Siwezi." "Huwezi nini? Hapa hakuna mlango, ni maiki." "Kaka Edo, ni nyumba ya mtu." "Twaha! Wewe ni mwizi!" "Najua mimi ni mwizi. Lakini hata mwizi kazaliwa na watu. Niache nipige hodi kwanza, halafu nitaiba." Nikasikia kalamu inagonga ukuta, halafu nikasikia Kaka Edo anaanza kucheka, kicheko cha kutoka mbali, na hapo ndipo ile katuni ilipozaliwa upya. Fikiria mwenyewe. Mwizi asiyeweza kuingia mpaka akaribishwe. Akikuta watu, wanasema karibu, wanamketisha, wanamlisha, sasa unamuibiaje mtu umekula chakula chake? Akikuta hakuna mtu, nafasi yenyewe ndiyo hiyo, lakini nani atamwambia karibu? Komeo anamvuta shati, "I-ngi-a. Tu. Ku-fu-li," na Kufuli anasema, "Ngoja kidogo ndugu yangu, nimebakisha moja." Baada ya hapo Kaka Edo alichana karatasi zake zote akaandika upya.

Katuni ile ilienea kama mafua. Vibanda vya video waliiweka mchana watoto wakitoka shule, mabasi waliipiga njiani, na mtaani Kihesa huwezi kupita mlango wa mtu bila kusikia mtoto anakohoa mara mbili. Yule afande alinisimulia, baada ya kumpakulia sahani ya pili, kwamba wao kwao walicheza Komeo na Kufuli kila jioni, na kila mtoto alitaka kuwa mwizi kwa sababu mwizi ndiye anayepewa chai na Bibi Sikujua. Yeye alikuwa mdogo, kila siku akabakiziwa kuwa polisi. "Basi nikazoea," akasema.

Mtu mmoja tu Iringa nzima hakujua habari hiyo, naye ndiye Mzee Nassoro. Duka lake la vitenge lilikuwa hatua chache kutoka kwa mjomba wa Twaha. Mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa, kanzu haina kunjo, na uso ambao wateja walikuwa wanalipa bila kuomba kupunguziwa. Nyumbani kwake hapakuwa na televisheni. Wazee wa Twaha walikuwa wamekwenda kumposa Rukia, wamepokelewa vizuri, wameambiwa wasubiri jibu. Twaha alimtaka yule binti mpaka alikuwa anakosea kupima vitambaa. Kufuli tulikuwa tumemficha. Kwenye sidii jina lake halikuandikwa, na kila alipokuja kwetu alikuja na mfuko wa bidhaa begani, eti anapeleka oda. Rukia mwenyewe alikuwa anajua, alishatazama vipande vyote nyumba ya jirani na kuvikariri. "Baba akisikia," Twaha alikuwa anasema na chai imepoa mkononi, "hatonipa. Nani anampa binti mwizi? Yule mzee hajui katuni, dada Tuse. Kwake yeye mtu akisema mimi ni mwizi, huyo ni mwizi." Nikamwambia, "Kaka Twaha, yule mzee hana hata televisheni. Ataionea wapi?"

Ataionea kwenye basi la kwenda Mbeya, ndiko ataionea. Mimi wakati huo pamoja na kupika na kuiba nilikuwa pia ndiyo msambazaji, nabeba sidii nimezifunga kwenye kanga napeleka duka moja la Mwanjelwa. Nikapanda basi Ipogolo asubuhi, nakaa, naangalia kiti cha mbele yangu naona kofia ya kiua, ndevu nyeupe, tasbihi mkononi. Mzee Nassoro huyo, anafuata mzigo. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Hakunijua mimi ni nani zaidi ya msichana anayemuuzia mkewe maandazi. Tukapita Mafinga na baridi yake, tukapita Makambako, na pale tunaanza kushuka kuelekea joto la Mbarali, konda akasema, "Abiria, tuchangamshe watoto," akatia sidii. Ule muziki wa mwanzo nikiusikia nikataka kuruka dirishani. Mzee alikuwa amefumba macho, tasbihi inakwenda. Kwenye kioo, Komeo na Kufuli wanafika kwa Bibi Sikujua, mlango uko wazi kabisa, ndani pana redio mpya mezani, na bibi hayupo. Watoto wa basi zima wakasogea mbele. Kufuli akasimama pembeni ya mlango. Akakohoa mara mbili. "Hodi wenyewe."

Tasbihi ikasimama. Nikaona jicho moja linafunguka, polepole, halafu la pili. Huwezi kukosea ile sauti kama umekaa naye soko moja. Kufuli akapiga hodi ya pili. Komeo akasema maneno yake, I-ngi-a. Tu, watoto wakasema naye pamoja, na mimi nimejifunika kanga mpaka puani. Mzee kanyoosha shingo. Na pale pale Kufuli anavuta pumzi ya hodi ya tatu, basi likakata kona likaingia Igawa, dereva akazima kila kitu. "Dakika kumi, chimbeni dawa!" anaita konda, na watu hao wanatafuta vichaka na vyoo, wauza vitunguu na mayai wamening'inia madirishani. Tulivyoondoka Igawa, mama mmoja akadai kwaya, konda akaweka kwaya, tukaenda nayo mpaka Mbeya. Mzee Nassoro hakufumba macho tena. Alikuwa anaangalia kile kioo kama mtu aliyeachiwa nusu ya simu.

Nikampigia Twaha nikiwa stendi. "Ameiona." "Alicheka?" "Hakucheka." "Hata kidogo?" "Kaka Twaha, yule mzee akicheka itabidi aitwe daktari." Alivyorudi Iringa, mzee akatuma neno kwa wazee wa Twaha, fupi tu, kwamba jibu litachelewa. Kila mtu alielewa maana yake. Twaha akaacha kuja studio. Kaka Edo akakaa na maiki yake kama baba aliyefiwa, tukajaribu kumweka mtu mwingine kuwa Kufuli, yule kijana akaingia nyumba ya Bibi Sikujua moja kwa moja akachukua redio, na Kaka Edo akazima mashine. "Huyu siyo Kufuli," akasema. "Huyu ni mwizi." Jioni nilimpelekea Twaha chakula dukani, wali na maharage ya nazi, kitu ambacho kwetu hatupiki, nilijifunza kwa ajili yake. Akaniambia asante dada, Mungu akuzidishie, akaufunika kwa sahani nyingine bila kuonja. Nimeona watu wakilia, lakini mtu kukosa hamu ya wali wa nazi, hiyo ilinitisha.

Siku zikapita, mchana mmoja nimepeleka maandazi kwa Mzee Nassoro kama kawaida, mkewe, Mama Rukia, akanipokea mlangoni akanong'ona, "Mzee anakutaka sebuleni." "Mimi?" "Wewe. Vua viatu." Sikuwahi kuingia sebule ile. Ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, saa kubwa ya ukutani, majora ya vitenge yamepangwa mpaka dari kwa sababu stoo imejaa, na harufu ya udi imechanganyika na ya dawa ya nondo. Mzee akanielekeza stuli. Nikakaa nusu. Pazia la kwenda ukumbini likatikisika, nikajua Mama Rukia na Rukia wako nyuma yake.

"Nimeuliza watu," akasema. "Nimeambiwa wewe ndiye yule mwingine. Yule mnene."

"Ndiyo mzee. Kwenye katuni tu."

"Mnawafundisha watoto wa watu wizi."

"Mzee, wezi wenyewe hawajawahi kuiba hata kijiko. Mtoto akitufuata sisi atakufa njaa."

Hakucheka. Akageuza tasbihi mkononi, akaangalia saa, akaangalia majora, akaangalia kila kitu isipokuwa mimi. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anauliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka, "Ile ya kwenye basi. Mlango ulikuwa wazi."

"Ndiyo mzee."

"Alipiga mbili. Basi likasimama."

"Ndiyo."

"Ikawaje?"

Mimi nikaona kabisa kwamba binti wa watu yuko mikononi mwangu, na mimi ndiye yule niliyeachwa na shule. Nikasema ukweli, maana sikuwa na akili ya kutunga kingine. "Akapiga ya tatu. Hakujibiwa."

"Halafu?"

"Akaondoka."

"Akaondoka hivi hivi? Redio iko mezani?"

"Iko mezani, mzee. Komeo, yaani mimi, namvuta shati, yeye hataki. Ila kwanza alirudi."

Mzee akainua kichwa. "Alirudi?"

"Kulikuwa na mbuzi uani. Akaona mlango uko wazi na mwenyewe hayupo, mbuzi wataingia ndani. Akarudi akauvuta mlango akaufunga. Ndiyo tukaenda zetu."

"Hilo la mbuzi," akasema mzee, "nani aliliandika?"

"Halikuandikwa na mtu, mzee. Safari hiyo kwenye karatasi ilikuwa ya tatu ikikosa jibu anaingia. Kaka Edo alimgombeza mpaka akachoka. Twaha akasema kama ni kuingia atafutwe mtu mwingine. Na alipomaliza kuondoka, mwenyewe tu, mbele ya maiki, akasema, ngoja, na wale mbuzi?"

Mzee Nassoro akazipapasa ndevu. "Mbuzi," akasema peke yake. "Hata kwenye upuuzi, anawaza mbuzi wa watu." Akageuza tasbihi tena. "Mwambie aje Ijumaa, baada ya swala. Peke yake. Wazee wake tutaitana baadaye. Na maandazi yako punguza sukari."

Huwa nafikiria sana juu ya mchana ule, na hasa pale msibani nilifikiria, nikiona watu wanavyoingia na kutoka kumpa Twaha mkono wa pole kama mtoto wa kumzaa. Katuni yetu haikumaliza miaka miwili. Umeme ulikuja na nguvu kuliko kompyuta ilivyoweza kubeba, moshi ukatoka chini ya ile kanga, na Kaka Edo siku hizi anafuga nguruwe Mafinga, anasema wanamsikiliza kuliko waigizaji. Mimi nilirudi Mbeya, nikafungua mgahawa, nasoma magazeti ya wateja bila kidole. Watu wenye elimu nimewasikia wakibishana redioni kama katuni zinaharibu watoto au zinawajenga, na sijui jibu. Ninachojua ni kwamba baba mmoja alitaka kujua mtu gani anamchukulia binti yake, akauliza majirani, wakamwambia kijana mzuri, ana adabu, maneno ambayo kila mposaji anaambiwa. Halafu akaja kumwona huyo kijana pale ambapo kijana hajui kama anaangaliwa na mkwe, tena amepewa ruhusa ya kuwa mwizi kabisa.

Ijumaa nilikuwepo. Hakuna aliyenialika, nilikwenda na maandazi yasiyo na sukari, nikajibanza nyuma ya lile pazia pamoja na Mama Rukia, na Rukia kasimama mlango wa chumbani anatafuna ncha ya mtandio. Mzee kakaa kwenye kochi, mlango wa nje kauacha wazi. Swala ikatoka. Tukasikia viatu vinakuja upesi upesi kibarazani, na kabla sijaweka jicho vizuri kwenye tundu la pazia, Twaha yuko katikati ya sebule. Kaingia. Hajakohoa, hajasimama pembeni, hajasema neno. Na viatu kavaa. Hofu ilikuwa imemfuta kila kitu kichwani. Akatazama chini akaviona viatu vyake juu ya mkeka wa watu, na sijawahi kumwona mwanadamu anabadilika rangi vile.

"Umeingia," akasema mzee.

"Nimeingia," Twaha akasema, kama anakiri mahakamani.

"Rudi."

Akarudi nje. Nikamsikia anavuta pumzi pale kibarazani. Kikohozi, kikohozi. "Hodi wenyewe." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. Mzee akageuza tasbihi, hakujibu. Tukangoja. "Hodi wenyewe." Mama Rukia alikuwa amenishika mkono, akanifinya mpaka leo nikigusa hapo nahisi. Mzee kimya, uso ule ule wa dukani. Ya tatu ilichelewa, nadhani alikuwa anaiogopa, akijua baada yake hakuna nyingine. "Hodi. Wenyewe." Kimya. Rukia akafumba macho. "Baba Rukia!" mama akanong'ona, lakini mzee hakugeuka. Tukasikia viatu vinashuka kibarazani, ngazi ya kwanza, ya pili. Vikasimama. Vikapanda tena. Na pale, taratibu, bila mtu kuonekana, tukaona mlango unavutwa kutoka nje, unafungwa.

Mzee Nassoro akaanza na bega moja. Halafu la pili. Halafu kitu kikamtoka kifuani ambacho Mama Rukia aliniapia hajawahi kukisikia tangu waoane, mzee kajikunja kwenye kochi, kofia imeanguka, machozi yanaingia kwenye ndevu, anapiga kochi kwa kiganja. "Acha mlango!" anaita, hawezi kumaliza. "Acha mlango, wewe! Hapa hakuna mbuzi! Karibu! Karibu ndani!" Twaha akachungulia, viatu kavishika mkononi, haelewi kama amepewa mke au amemuua mtu. Mzee akajifuta uso na mkono wa kanzu, akaokota kofia, akaiweka sawa. "Mama Rukia, chai," akasema, sauti inarudi polepole kuwa ya dukani. "Na wewe mwizi mnene, toka nyuma ya pazia. Miguu yote iko nje."